Laini ya Zamani

Mjukuu wangu alikuwa karani wa kliniki ndogo hapa Skuta. Kompyuta yao ilihifadhi jina la kila mgonjwa na dawa inayomdhuru. Aliipanga itengeneze yenyewe nakala ya orodha hiyo kila siku na kuiweka kwingine, na ikishindwa, imtumie ujumbe kwa simu.

“Mbona siku hizi haikutumii kitu?” nilimuuliza tukinywa chai.

“Cucu, ikinyamaza ujue iko sawa. Hata leo fundi anaifuta hiyo kompyuta kuukuu, tuhamishie nakala kwenye mpya.”

“Mimi mbwa wangu akinyamaza sana, naenda kuangalia kama yuko hai.”

Alicheka, kisha kicheko kikamkatikia. Alikuwa amebadilisha laini ya simu tangu Krismasi, na kompyuta hakuiambia.

Tuliipata laini ya zamani kwenye mkebe wa vifungo. Alipoiingiza, simu ilianza kutetemeka mezani, ujumbe baada ya ujumbe, na kila mmoja ulisema nakala imeshindikana. Akampigia fundi. Hakushika.

Alitoka mbio na slipa miguuni. Nilibaki nikiwataja wagonjwa wale, maana ni majirani zangu. Majina nilikuwa nayo yote, lakini dawa inayoweza kumuua kila mmoja, hiyo sikuijua.