Nilivyomtafutia Mzee Karim trigger nyepesi huku nikijifanya ni yangu

Wakuu, salaam.

Naleta kisa changu kama kilivyotokea, chumvi sijaongeza. Wale wa "hii chai" karibuni, sukari ipo pembeni.

Naishi Brampton, basement, naendesha forklift kwenye ghala. Mambo haya ni ya 2013 hivi, watu bado wanatembea na BlackBerry na wanaheshimiwa.

Kabla hamjauliza Mluguru anatafuta nini na bunduki Canada: ni member wa club ya kulenga shabaha, kaskazini mwa Toronto. Unasoma kozi, unafanya mtihani, unasubiri leseni mpaka unasahau kama uliomba. Bunduki nyumbani inakaa na kufuli, risasi zinakaa kwingine. Ukifika range, uwanja wenyewe wa kulenga, kuna msimamizi anakuangalia kama mwalimu wa zamu. Tunatoboa karatasi, halafu tunarudi nyumbani. Ndiyo starehe yenyewe.

Aliyeniingiza huko ni Mzee Karim, Muismaili wa Mwanza, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kabla ya kuhamia huku. Alinisikia nagombana na shemeji kwenye simu, foleni ya supermarket, akanigonga bega: "Wewe bwana, punguza sauti, mimi nasikia yote." Tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Umri wake sabini na nne. Amefiwa na mke. Anaishi Richmond Hill kwa mwanawe, nyumba kubwa, kila mtu yuko bize. Wajukuu anawasemesha Kiswahili, wanamjibu Kiingereza. Jumamosi nampitia tunaenda range, na njia nzima anaongea Kiswahili bila kupumua. Mwanawe aliwahi kuniambia kwamba Mzee anaanza kuuliza "leo siku gani" kuanzia Jumatano.

Sasa twende kwenye mada.

Wote wawili tulikuwa na semi-auto za .22, aina moja. Ukivuta trigger mara moja inatoka risasi moja, halafu bunduki inajipakia yenyewe inayofuata. Bunduki nzuri, ila trigger ya kiwandani ni mateso. Nzito, karibu kilo tatu, na inakwaruza kama kitasa cha geti la shule. Ndiyo maana watu wengi hubadilisha.

Mwaka ule Mzee Karim alianza kukosa. Zamani risasi zake kumi zilikaa kwenye eneo la kifuniko cha soda. Sasa zinaenea karatasi nzima, nyingine zinaenda kwenye karatasi ya jirani.

Kwanza akalaumu risasi. Baadaye miwani. Baadaye upepo, na siku hiyo hata majani yalikuwa hayatikisiki.

Mimi nilikuwa naona tatizo. Baridi yabisi ilikuwa imemshika mkono wa kulia. Alikuwa anavuta trigger kwa vidole viwili.

Msimamizi naye akaona. Anaitwa Doug, mzungu mpole, ananiona mimi ni mpwa wa Mzee, sijui alipigaje hesabu zake. Akanivuta pembeni. Akasema bunduki ile ikishafyatua iko tayari tena, na vidole viwili vilivyobanwa pale ndani vinaweza kuivuta mara ya pili bila mtu kukusudia. Akimuona tena itabidi amsimamishe. "Talk to your uncle," akasema. "Better it comes from you." Yaani heri nimwambie mimi.

Wakuu, niliogopa. Siyo kuogopa Doug. Niliogopa kumwambia mtu aliye sawa na baba yangu kwamba kidole chake kimekwisha. Kwetu hilo neno linaanzia wapi? Na akisimamishwa, ile Jumamosi yake inabaki na nini?

Nikatunga mpango. Nitamwambia MIMI nataka trigger nyepesi, anisaidie kuchagua. Ikifika naifunga kwenye bunduki yake, namwambia "Mzee, nijaribie hii." Akizoea, imebaki hapohapo. Hakuna aliyeaibika. Nilijiona mwanadiplomasia.

Kosa langu ni kusahau kwamba namshirikisha mtu aliyeuza misumari miaka thelathini.

Alichukua wiki tatu. Akapiga simu madukani. Akaandika daftari zima. Akanisomea kwenye gari, barabara kuu ya 400 imefunga kwa foleni, sina pa kukimbilia.

Kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kubadilisha springi tu: trigger inashuka mpaka kilo mbili hivi, ila mkwaruzo unabaki. Ya pili, kununua trigger nzima iliyotengenezwa vizuri, inafyatuka safi kwenye kilo moja na kidogo. Ya tatu, ile ya wanaoshindania medali, nyepesi kiasi kwamba ukiifikiria tu inafyatuka.

Mimi moyoni nataka ya pili. Nikangoja aseme.

"Wewe chukua springi," akasema.

"Mzee, mbona kilo mbili bado ni nzito?"

"Kwako inafaa. Wewe una haraka. Nimekuona unavyokula."

Nikabisha. Akauliza kama nataka kuua mtu. Nikabisha tena. Jioni hiyo akampigia mke wangu, akamwambia mumeo anatafuta kitu cha hatari. Mke wangu, ambaye hajui springi wala trigger, alininunia siku mbili kwa niaba ya Mzee Karim.

Jumamosi iliyofuata tukaenda dukani.

Pale kaunta wana trigger zimefungwa kwenye vipande vya chuma visivyo na mtutu, mteja unavuta unasikiliza. Muuzaji dada mmoja makini, haongei sana. Akatuwekea ya kiwandani kwanza, ili tupate pa kulinganishia.

Mzee akaishika kwanza. Akavuta. Kimya.

Akavuta tena. Kidole kikawa cheupe, mkono ukaanza kutetemeka. Kimya.

Akaongeza kidole cha pili. Ikalia, kwa shida. Nyuma yetu kuna wateja wawili, wote ghafla wanasoma maandishi ya kwenye maboksi.

Nikaangalia sakafu. Naikumbuka vizuri sana sakafu ile.

Yule dada akaiondoa. Akamsogezea ile ya pili.

Mzee akaweka kidole kimoja. Tik.

Akarudisha. Tik. Akairudia kama mara sita, polepole.

Halafu akaigusa ile ya medali. Dada akaitoa mbele yake kwa adabu, akasema mkono unaotetemeka usipewe nyepesi kupita kiasi, itafyatuka kabla hajataka. Alimwambia usoni kabisa. Na dunia haikupasuka.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akasema kwa Kiingereza, springi ya kijana huyu, na hii hapa ya kwangu.

Kwenye gari akakipakata kiboksi chake. Tulipopita taa ya tatu ndipo akauliza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilishindwa, Mzee."

"Mimi nilijua wiki ya kwanza. Nimekaa dukani miaka thelathini. Mtu anakuja, anasema dawa ya kunguni ni ya jirani."

"Sasa mbona ulinichagulia nzito?"

"Nilitaka ukasirike. Nilisema moyoni, huyu akikasirika sana ataniambia, Mzee, siyo yangu, ni yako, mkono wako mbovu. Wewe hukusema. Ukaenda kununiwa na mke wako."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nyumbani wananiambia, Papa, you look great, uko fiti kabisa. Kila siku I look great. Nashindwa kufunga kifungo cha shati, I look great. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie."

Nilijisikia vibaya kuliko kama angenitukana. Nilidhani namficha aibu, kumbe namuacha peke yake nayo.

Trigger ikafungwa na fundi wa club, Doug akaikagua, Mzee akarudi kwenye kidole kimoja. Akapiga shabaha misimu miwili zaidi. Risasi hazikurudi kwenye kifuniko cha soda, ila zilienea kwenye kisahani cha chai.

Mwisho wake ulikuwa hivi. Jumamosi moja alimaliza raundi, bunduki ikamlemea mkononi, mtutu wake ukaanza kugeuka kuelekea kwa wenzetu. Nilikuwa naye ubavuni, nikaushika mtutu nikaurudisha mbele. Doug akapiga kelele wote wasimame. Watu wakavua vizuia-sauti vya masikioni, wakatuangalia.

Safari hii sikutunga mpango.

"Mzee, basi," nikasema. "Mkono hauwezi tena. Leo ndiyo mwisho."

Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya watu kama kumi na tano, na katika wote hao tulioelewa ni wawili.

Akaiweka chini. Akatoa magazini ya risasi, akafungua chumba cha risasi, akaonyesha kuwa ni kitupu, akarudi nyuma ya mstari. Kila hatua kama alivyonifundisha. Macho yalikuwa yamejaa.

"Asante, mwanangu," akasema. "Umechelewa kidogo, lakini umesema."

Jumamosi tuliendelea kwenda. Yeye anakaa nyuma na darubini, ananiambia risasi yangu imeenda wapi, na hanionei aibu hata kidogo.

Nilichojifunza: nilikuwa naiita heshima, kumbe nusu yake ilikuwa woga wangu mwenyewe. Na kwenye trigger, chagua kwa mkono ulio nao, siyo mkono uliokuwa nao.

Sasa na ninyi semeni. Nani hapa ameshawahi kumwambia mzee wake "basi"? Gari, ngazi, duka, chochote. Ulianza na neno gani? Na kama bado hujamwambia, jiulize kwanza kama yeye naye hajakaa anakungoja useme.