Runinga Isiyo na Rangi

Runinga ile niliinunua mtumba pale Kibiti mjini, kwa muuzaji wa vitu vilivyotoka Uarabuni, nikaipakata kwenye bodaboda hadi nyumbani. Sikuinunua kwa fahari. Baba yangu alikuwa amepigwa na kiharusi kule Mbuchi, mkono wa kulia umelala na ulimi umefungwa, nikamleta kwangu nimuuguze. Mtu aliyefundisha madrasa maisha yake yote, sauti yake ikifika hadi kwenye majaruba ya mpunga, sasa hata kuomba maji hawezi. Daktari aliniambia, msimwache kimya, mpeni anachokipenda, ulimi huweza kurudi. Na baba, ukiacha dini yake, hapendi kitu kama mpira. Timu yake ni ile inayovaa nyekundu. Basi nikaapa, ulimi huo nitaurudisha mimi.

Tukaiwasha. Loh! Picha inaonekana vizuri kabisa, lakini nyeusi na nyeupe tupu. Majani ya kijivu, jezi za kijivu, refa wa kijivu. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Rahisi huvunja upishi, mke wangu."

Baba aliangalia kidogo, kisha akageuzia uso wake ukutani. Kicheko cha mume wangu nilikizoea, lakini mgongo ule wa baba uliniuma sana.

Nikamwita fundi. Akasogeza spika ya redio mbali, ati inakula rangi. Nikamwambia, mwanangu, hayo ni mambo ya runinga za chogo, hii ni bapa. Akakuna kichwa, akasema basi bodi imekufa, tununue nyingine. Ng'o! Nikamsindikiza mpaka barabarani.

Nikaanza mwenyewe. Nikachomoa waya za king'amuzi, nikazifuta vichwa, nikazirudisha, wa njano kwenye tundu la njano. Kijivu. Nikaazima waya nyingine kwa jirani. Kijivu vilevile. Mume wangu akapita na kikombe chake cha chai akiuliza kama amwite muuza chuma chakavu. Nikaendelea na waya zangu.

Siku ya mechi ya watani, alasiri, nilikuwa bado nabonyezabonyeza rimoti kwa hasira, ndipo menyu ikajitokeza kwenye kioo. Nikasimama wima. Menyu ilikuwa ya buluu, maandishi ya njano, na alama nyekundu pembeni! Kama bodi imekufa, buluu hii imetoka wapi? Basi kioo kizima na rangi zimo, ila runinga imepangwa kupokea picha kwa namna isiyolingana na king'amuzi chetu. Pa kupangua ni humohumo kwenye menyu.

Lakini menyu yote Kiarabu. Na Kiarabu chenyewe hakina irabu, herufi kavu. Mimi nilisomeshwa na baba, kwa bakora, na tangu niolewe nasoma yale niliyoyahifadhi tu. Haidhuru. Nikasogeza uso karibu na kioo, nikaanza kusoma kwa sauti mstari mmoja mmoja, nikitafuta neno moja tu, alwan. Hilo nalijua, ni rangi. Baba mwenyewe alikuwa haiti rangi, huita launi.

Mstari wa nne nikalipata. Kwa pupa nikalisoma vibaya, nikaipita alifu, herufi ya kuvuta sauti, kama siioni.

"Rudia."

Nilidhani ni mume wangu. Nikageuka nimpe lake. Yeye alikuwa mlangoni, kikombe kimesimama hewani, macho kwa baba. Na baba alikuwa ameugeuza uso kutoka ukutani, ananitazama kinywani, vilevile alivyokuwa akinitazama mkekani nilipokuwa mdogo.

Ee Mola wangu. Neno lile nililichukia utoto mzima, siku nzima rudia, rudia, mpaka koo likauke.

Nikarudia. Nikaivuta alifu kama inavyotakiwa. Baba akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali.

Nikaingia kwenye mstari ule, nikahamisha alama chini mara moja, nikabonyeza. Majani yakawa kijani. Jezi zikawaka nyekundu, na mume wangu akapiga ukelele uliowaleta majirani dirishani. "Mke wangu, wewe ni fundi! Haya, toa hayo maandishi, mpira unaanza!"

Sikuyatoa. Nilirudi kwenye mstari wa kwanza wa menyu, maandishi yakafunika nusu ya uwanja, mume wangu akilalamika nyuma yangu. Machozi yalikuwa yananitoka, herufi sizioni vizuri, lakini sikuhitaji kuziona vizuri. Nikasoma kwa sauti kubwa, na nikakosea kusudi.

"Rudia!" akasema baba, safari hii kwa ukali.