Kichwa Kikavu Ugenini
Baridi yangu ya kwanza ugenini, masomoni ng'ambo, iliniletea muwasho wa kichwa kama niliyemwagiwa upupu. Chumba cha hosteli kilipashwa joto kutwa kucha, ngozi ikakauka, mba zikanidondokea mabegani hata darasani. Niliosha nywele kila siku kwa shampuu, zile chupa za rangi zilizokuwa zimeanza kujaa madukani Mbinga, kule nyumbani, baada ya serikali kuruhusu bidhaa za nje. Hali ikazidi. Muuza dawa akanipa shampuu kali zaidi, nikapata vidonda kichwani.

Jumapili moja, baada ya misa, nilimpigia mama simu parokiani Mbamba Bay, kama tulivyopanga.

“Shikamoo mama. Kichwa kinaniwasha, silali.”

“Marahaba. Una chawa?”

“Sina chawa, mama! Ni ukavu.”

“Mnalala wangapi chumba kimoja?”

Nilikaribia kulia. Nikaeleza upya kwa sauti kubwa, naye akamgeukia mtu aliyekuwa karibu yake: “Anasema ana chawa.” Kisha akaniambia, “Nyoa, mwanangu, upake mafuta. Acha kuoshaosha.”

Nilikata simu kwa hasira. Kwetu mwanamke hunyoa akifiwa. Nilijikuna wiki nzima, mwishowe nikanyoa. Vidonda vilikauka, lakini baridi ilinichoma utosini hata nikavaa kofia darasani, bado nimemnunia mama.