Tekila Yangu Imeishia Kwenye Stovu

Jamani, tekila yangu imepika maharage.

Baharia mmoja kanipa chupa ndogo, kali kuliko gongo. Kasema imetokana na mmea wa jamii ya mkonge, haigidwi, inaonjwa taratibu mpaka uisikie kooni.

Tangu asubuhi situlii. Natoka Kariakoo, narudi nyumbani, naichungulia, natoka tena. Namsubiri rafiki yangu Saidi atoke kazini tuionje wote.

Jioni tumefika, chupa tupu, stovu inanguruma.

"Shikamoo shangazi. Ile chupa?"

"Marahaba. Spiriti yako? Nimewashia stovu. Madukani haipatikani."

Nyumba ni yake, na pombe haiingii humu. Nimechungulia sufuria: maharage.

"Moto wake safi," kasema. "Baharia wako akirudi, alete debe zima."

Saidi keshaitikia, "Sawa, shangazi."

Mngekuwa mimi, mngemwambia?