Salvina Hakuitika

Sista aliyekuja kuwafundisha akina mama wa parokia kuhusu aina za watu aliugawa ukumbi kwa kona nne. Kona ya dirishani ilikuwa ya wachangamfu, wale ambao ukikaa nao husinzii. Ya mlangoni ilikuwa ya wakali, wanaopenda kuongoza. Ya kabatini, wenye huzuni, wanaolia upesi. Na ya mwisho, penye benchi lililovunjika mguu, ilikuwa ya wapole, wasio na haraka wala ugomvi. Kila mmoja ajipime, alisema sista, kisha aende kwenye kona yake. Wanawake wakatawanyika kwa vicheko. Vicheko vilipotulia, Salvina alikuwa bado amesimama katikati ya ukumbi, mikono ameifumbata tumboni.

Si kwamba alikuwa mkaidi. Alijipima kweli. Kuchangamka hachangamki, na hilo halikuhitaji semina. Ukali hana. Kulia, hakumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Aliwatazama wapole, akawaona wanapiga soga huku wamelaliana mabega, akajua hata huko atawaharibia. Mwishowe sista alimshika mkono akampeleka mwenyewe. "Wewe ni wa huku, mama Rebeka," alisema. Wapole wakasogea kumpa nafasi, kisha wote wakanyamaza.

Alikuwa hivyo tangu utotoni. Alipokuwa na miaka mitano, baba yake, mkulima wa Ushirombo, alimpakia kwenye baiskeli akampeleka zahanati kupimwa masikio, maana ukimwita anageuka lakini haitiki. Mganga akampigia makofi nyuma ya kichwa, akamnong'oneza, akamchungulia kwa tochi. Masikio mazima. Baba akashukuru, lakini njia nzima ya kurudi alikuwa na uso wa mtu aliyenyimwa kitu. Ugonjwa angeutafutia dawa.

Aliolewa na Marcelino, mchimbaji wa dhahabu, mwanamume wa kuongea kwa niaba ya watu wawili, na kwa Marcelino jambo hilo lilikuwa raha tupu kwa sababu hakuna aliyemkatiza. Wakahamia kitongoji kimoja nje kidogo ya Rwamgasa. Marcelino alishinda duarani wiki nzima, chini huko kwenye shimo la mwamba, akapanda nyumbani Jumamosi. Salvina alipata kibarua cha kuponda mawe ya dhahabu karibu na mashine za kusaga mawe ambazo watu wote wanaziita karasha. Wanawake wengine walilalamikia kelele za karasha, kwamba mtu unarudi nyumbani kichwa kinavuma. Salvina alizipenda. Pale hakuna anayekuuliza mbona kimya, kwa sababu wote ni kimya.

Sisi watu wa huku tuna ugonjwa wetu, na acha niuseme: mtu asiyesema na sisi tunadhani anatusema moyoni. Akikusalimu kwa neno moja, anaringa. Akiondoka mapema, ana lake. Salvina aliwekwa kwenye fungu la wanaoringa mwaka uleule alioingia kitongojini, na hakufanya lolote la kujitoa, maana hata hakujua namna ya kujitoa. Jioni alipokuwa peke yake alijiuliza kama kweli anawadharau watu. Alijitafuta moyoni, hakuona dharau. Hakuona kitu kingine pia, na hilo ndilo lililomsumbua, kwa kiasi anachoweza kusumbuka.

Kitu kimoja alikuwa nacho, naye ni Rebeka, binti yake wa miaka tisa, aliyemrithi baba yake mdomo mzima mzima. Rebeka alizungumza tangu anafungua macho. Aliwazungumzia kuku, mwalimu, ndoto, jirani aliyepita na jirani aliyekataa kupita. Asubuhi walipokwenda wote kisimani, mtoto alisalimu kila nyumba, "Shikamoo bibi, shikamoo babu, mwangaluka mayu," hiyo ya mwisho ikiwa "umeamkaje mama" ya Kisukuma, na majibu yakarudi kutoka kila ua. Salvina alitembea nyuma yake na ndoo kichwani, akiwa amefichika ndani ya sauti ya mwanawe. Hizo ndizo zilizokuwa dakika nzuri za siku yake. Hilo alilijua wazi na halina maelezo mengine.

Sasa, kitongoji kina kikundi cha misiba, kama vilivyo vitongoji vyote vya huku. Mtu akifa, kila nyumba inaleta kuni, unga na maji, na kila nyumba inatoa mtu wa kukaa. Kukaa ndiyo kazi yenyewe. Unaketi kwenye mkeka pamoja na wenzako, unaonekana, na kabla ya maziko mwenyekiti anafungua daftari anaita majina, nawe unaitika "Nipo" kwa sauti ya kusikika na waliofiwa. Mwenyekiti wetu ni Mihayo, mtu wa haki, lakini haki yake inaishia pale daftari linapoishia.

Alipofariki mama Gregory, kikongwe aliyeheshimiwa, Salvina alifanya kama alivyofanya katika misiba yote. Alisubiri saa za mchana wenzake walipokuwa wameketi mkekani, akaenda kwenye pampu ya kisima, akajaza madumu, akayabeba moja moja hadi kwenye pipa lililo nyuma ya jiko la msibani. Pipa likajaa. Akakusanya masufuria ya jana yaliyoungua, akayasugua kwa mchanga na majivu mpaka yakang'aa. Pale nyuma hakukuwa na mtu wa kumuuliza kitu. Jina lake liliposomwa alilisikia, akaitika, lakini alikuwa ameinama ndani ya sufuria na sauti yake haikuvuka hata ukuta wa jiko. Mihayo akaita mara ya pili, mara ya tatu, akaweka alama ya kukosa. Ilikuwa alama yake ya tatu ya mwaka huo, na alama tatu ni kikao.

Kikao kilikaa Jumapili, baada ya ibada, katika darasa la shule ya msingi. Mihayo akasimama mbele ya ubao.

"Mama Rebeka, misiba mitatu hukukaa na wenzako. Una la kusema?"

Salvina alisimama. Aliyaona maji, aliyaona madumu, aliona na mikono yake yenye masizi. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini kusema "Ni mimi niliyechota" mbele ya darasa zima aliona ni kama kujisifia kwenye msiba wa mtu, na watu wote walikuwa wamegeuza shingo wanamtazama, na kifua chake kikawa kitupu.

"Sina," alisema.

Paskalia, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amemwona na madumu siku ile. Alinyanyua mkono. Mihayo akamwambia aushushe, kwa sababu kwenye kikao cha msiba mtu hujitetea kwa kinywa chake. Wakaamua atengwe. Nyumba yake haitasalimiwa, haitaazimwa moto wala kinu, na akipita kisimani watu watampisha bila neno, mpaka siku atakapokuja mwenyewe kusimama, kusema na kuomba radhi kwa sauti ya wote kusikia.

Marcelino aliporudi Jumamosi alikasirika sana. Yeye kule duarani hakuguswa, wachimbaji wametoka pande zote na hawana habari na vikao vya kitongoji.

"Mke wangu, watu wamekunywa maji yako, wamepikiwa kwa maji yako, marehemu mwenyewe ameoshwa kwa maji yako. Sema neno moja tu."

"Nitasema."

"Lini?"

"Nitasema, baba Rebeka."

Na hakusema. Niwaambie ukweli ambao yeye mwenyewe aliona aibu kuujua: wiki ya kwanza ya kutengwa ilikuwa nafuu. Kisimani walimpisha, akachota, akaondoka. Hakuna aliyemwuliza mume yuko wapi, mbona umekonda, mbona hamna mtoto wa pili. Walidhani wamemfungia mlango, kumbe walikuwa wamemfungulia. Wiki ya pili nafuu nayo ikaisha, na mahali pake hapakuja uchungu wala hasira. Aliamka, akaponda mawe, akapika, akalala. Ukimfinya angesema tu kwamba amefinywa. Pengine angeendelea hivyo mwaka mzima.

Lakini adhabu ya nyumba ni ya nyumba yote, na hakuna aliyekuwa amemweleza Rebeka.

"Mama," mtoto alikuwa amesema mapema wiki ile ya kwanza wakirudi kisimani, "mke wa Mihayo masikio yake yameharibika. Nimempa shikamoo, hakusikia. Nikarudia kwa nguvu."

"Akafanyaje?"

"Akaingia ndani."

Siku iliyofuata Rebeka alisema shikamoo saba akakosa marahaba saba. Alizihesabu kwa vidole. Kesho yake akaanza kuchagua nyumba za kusalimu, zile ambazo zamani zilimpa karanga au mua. Nazo zikanyamaza. Shuleni wenzake walicheza rede wakamwambia timu imejaa. Haya yote aliyasimulia nyumbani jioni, mwanzoni kwa mshangao, halafu kwa ufupi, halafu akaacha kuyasimulia. Mtoto anaweza kuvumilia mengi, ila kumkabidhi mtu mzima shikamoo yake isipokelewe, akabaki nayo mkononi, hilo sisi hatujawahi kumfundisha.

Asubuhi moja walikwenda kisimani na kurudi, na njia nzima Salvina alisikia ndala tu. Za kwake na za mtoto.

Alitua ndoo mlangoni akasimama. Kitu kilimsogea kifuani, kikubwa, akadhani sasa atalia. Akangoja. Kikapita bila kutoka. Lakini alijua lazima aseme, na alijua ni kwa ajili ya nani.

Aliyafanyia mazoezi maneno yake pale pale kwenye karasha. Alikaa juu ya rundo lake la mawe, nyundo mkononi, akasema kwa sauti yake yote, "Maji ya msiba wa mama Gregory nilichota mimi." Mashine ilikuwa inanguruma na hakuna aliyegeuka. Akasema tena. Siku nne mfululizo aliyasema maneno yale mbele ya wanawake kumi na wawili, na hakuna aliyesikia hata neno.

Jumapili, kikundi kilipokutana tena, alimshika Rebeka mkono akaenda naye darasani. Mihayo alipomaliza yake, Salvina alisimama bila kuitwa.

"Nasalimu wote," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, akili yake ilikuwa imeizoea mashine. "Maji ya msiba wa mama Gregory nilichota mimi. Na ya msiba wa kabla yake, na wa kabla ya huo. Masufuria nilisugua mimi. Sikukaa mkekani. Kukaa na watu kunanishinda, si kwamba siwapendi. Naombeni radhi."

Ndipo Paskalia akasimama bila kunyanyua mkono, akasema alimwona kwa macho yake. Mwanamke mwingine akasema kumbe, kila mara walishangaa pipa limejazwa na nani, wakadhani ni vijana. Gregory mwenyewe, mtoto wa marehemu, mtu mzima mwenye mvi, akavua kofia.

Mihayo alilifunua daftari penye jina lake. "Mbona hukusema siku ile, mayu?"

"Sikujua kama ni kitu cha kusemwa."

Vigelegele vikapigwa. Mihayo akachukua kalamu akazifuta zile alama tatu, moja moja, na mbele ya wote akasema kikundi kimekosea. Kwa mtu wa daftari, hilo si dogo. Kisha watu wakajipanga kumsalimia, mmoja baada ya mwingine, mkono kwa mkono, na wengine wakamkumbatia, na mke wa Mihayo akalia begani kwake. Salvina aliishika mikono yote. Ilikuwa ya moto, ya baridi, mingine yenye sugu. Alijua kwamba hii ni furaha, aliiona kwenye nyuso zao, akangoja na kwake ifike. Haikufika, naye hakushangaa. Alikuwa amekuja kuchukua kitu kingine.

Walirudi nyumbani katikati ya kundi. Na sasa kila ua ulikuwa na mtu wa kusalimu, maana habari ilishatangulia.

"Rebeka, hujambo mjukuu wangu?" aliita mke wa Mihayo, aliyekuwa ametangulia kufika uani kwake.

Rebeka alitazama chini.

"Rebeka, mwangaluka!" alisema bibi wa karanga, amesimama mlangoni na karanga zenyewe kwenye kiganja. "Njoo uchukue."

Mtoto alihamia upande wa pili wa mama yake akaishika kanga, akatembea ameegemeza uso pale kiunoni. Hakuwa amekasirika. Salvina alimchungulia, akautambua uso ule upesi kuliko mtu mwingine yeyote pale angeweza. Hapakuwa na kitu ndani yake.

Paskalia akacheka, kwa upendo kabisa. "Huyu naye ameanza kufanana na mama yake," alisema, na njia nzima ikacheka naye.

Salvina aliinama akamnong'oneza, "Itikia, mwanangu. Wanakusalimu." Rebeka akatikisa kichwa. Salvina alitafuta neno la pili la kumwambia, lile ambalo kuna mtu mahali fulani angepaswa kumwambia yeye alipokuwa na umri huo, na hakulijua.

"Hajambo," alisema basi, akiinua sauti kuelekea kwa mke wa Mihayo. Akageukia mlango wa pili. "Hajambo, mama. Asante kwa karanga." Nyumba ya tatu ikasalimu, akaijibu, na ya nne. Mpaka wanafika kwao alikuwa ameziitikia zote, na Rebeka hakuwa amesema neno.