Mama Alipomsema Mdogo Wangu

Mama yangu hajawahi kumsifu mtoto wake mbele ya mtu. Ametoka Kondoa, kule vilimani, na kwao mzazi anayemsifia mwanawe huonekana anaringa, tena anamwitia mtoto kijicho. Siku aliponipeleka madrasa alimwambia ustadhi, "Nyama yako, mifupa yangu," yaani anichape atakavyo ila asinivunje mifupa, akaenda zake bila kugeuka. Kwa walimu wa shule wimbo wake ulikuwa mmoja: "Huyu amenishinda, mwalimu. Nisaidie." Mwalimu naye alijua zamu yake. Alicheka, akasema, "Hapana mama, mtoto mzuri tu, ni utoto." Hapo mama alishusha pumzi, maana hayo ndiyo maneno aliyoyafuata. Hakuna aliyetufundisha adabu hiyo, lakini sote tuliijua, na sikuwahi kudhani kuna mtu asiyeijua.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alitoka shule kwa jambo la kijinga. Alichelewa mara kadhaa, mwalimu akamwambia asirudi bila mzazi. Baba alikuwa ameshahamia kwa mke mwingine, na simu yake haikupokewa. Mama alikuwa anapikia mafundi wa gereji pale Kizota, na mama lishe akiacha sufuria siku moja, wateja wanahamia kibanda cha pili. "Kesho nitakwenda," alisema. Kesho ikazaa kesho. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kukamua alizeti tangu asubuhi, narudi nanuka mashudu, nikimwona mtoto na sare yake najua katoka shule. Kumbe sare ile ilikuwa inaokota chuma chakavu.

Mnunuzi wa chuma chakavu hana maswali. Anapima, analipa, anaangalia pembeni. Ukimletea misumari iliyopinda ananunua, ukimletea bomba la maji la jirani ananunua. Nawachukia watu hawa, sitaficha. Kwake ndiko mdogo wangu alikokutana na vijana wakubwa waliompa kazi ya kusukuma toroli. Siku moja toroli ilikuwa imejaa nondo za jengo lililokuwa likiinuka karibu na reli. Walinzi walipotokea wakubwa walitimua mbio. Yeye alibaki ameshika mikono ya toroli, kwa sababu ilikuwa ya kukodi na alimwogopa mwenye toroli.

Majirani walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Walisema hivyo huku wakila wali wa mama.

Polisi hawakumpiga. Walimwita mama, akamdhamini, mtoto akalala nyumbani. Katika mahakama ya watoto alikiri kosa, kwa kuwa alijua nondo zile ni za wizi. Hakimu akasema hataamua kabla afisa wa ustawi wa jamii hajafika kwetu kuona mtoto anaishije. Alitueleza bila kuzunguka: ama arudishwe kwa mama chini ya uangalizi, ama apelekwe shule ya maadilisho, mkoa mwingine kabisa, wanakokaa watoto waliokosa. Wazazi tuliokaa nao kwenye benchi walitutuliza. Kosa la kwanza, walisema, mtoto anarudi kwao.

Afisa alikuja mchana, binti wa rika langu, mpole, viatu vyake vyekundu kwa vumbi. Alimwamkia mama shikamoo kwa heshima zote. Mama alitandika mkeka, akaleta chai na karanga. Mdogo wangu alisimama mlangoni.

"Mama, huyu kijana mnaishi naye vipi?"

Mama alijifunga khanga vizuri. "Mwanangu, nikufiche nini? Huyu amenishinda. Sina uwezo naye. Nyinyi serikali ndio wazazi wake sasa. Nyama yenu, mifupa yangu."

Kisha akamtazama binti kama alivyokuwa akiwatazama walimu wetu. Alikuwa anangoja jibu lake.

"Pole sana, mama," binti akasema, akaandika.

Nikamwambia, "Dada, mama anasema kwa adabu tu. Huyu ndiye anayechota maji kabla hatujaamka, ndiye anayemsugulia masufuria. Hajamjibu mama vibaya hata siku moja."

"Nimekusikia, dada. Lakini mzazi ni mama."

"Wewe nyamaza," mama akanikaripia. "Hujui kukaa na wageni?"

Binti alipoondoka tuligombana kweli. Nilimwambia mama ameuza kesi. Alinitazama kwa mshangao, bila hata hasira. "Mtoto wa watu amesoma vile," alisema, "atashindwaje kujua kwamba nampenda mwanangu?"

Siku ya uamuzi, kwenye korido, kulikuwa na mama mmoja mwenye sauti ya mnadani. Haikuwa mara ya kwanza mwanawe kuletwa pale. Alituambia sote kwamba mtoto yule ni malaika, kwamba ni marafiki, kwamba ni wivu wa watu. Aliingia ndani na maneno yale yale, tuliyasikia mlango ulipokuwa unafungwa. Alitoka na malaika wake wakaenda nyumbani. Mama yangu aliguna. "Mwanamke hana haya," akasema.

Tukaitwa. Kilikuwa chumba kidogo cha kawaida, hakimu hakuvaa joho, na alizungumza taratibu kama mama wa nyumbani. Afisa alisimama akaeleza: baba hayupo, shule mtoto ameiacha, na mzazi mwenyewe amekiri kwamba kijana amemshinda.

"Mama, ndivyo ilivyo?" hakimu akauliza. "Nikikurudishia, utaweza kumwangalia?"

Mama alimtazama mdogo wangu ndani ya shati la kuazima. Niliona midomo ya mama ikicheza. Kusema "naweza" mbele ya mheshimiwa, baada ya wataalamu kusema, kwake kulikuwa kujikweza.

"Mheshimiwa, mimi nitasema nini? Nyinyi ndio wenye kujua."

Hakimu alishika kalamu bila kuandika. Nadhani alikuwa anataka neno lingine, lolote. Nilinyanyuka, karani akanionyesha nikae. Halafu hakimu akatoa amri: shule ya maadilisho, mpaka atakapotimiza miaka kumi na minane.

"Ahsante, mheshimiwa," mama akasema. Alikuwa ameshavuka mlango ndipo alipoelewa, akakaa chini sakafuni, akapiga yowe lililowatoa makarani ofisini.

Nimekasirika tangu siku ile na sijui nimpe nani hasira yangu. Afisa aliandika alichoambiwa. Hakimu aliuliza, tena kwa upole. Mwenye toroli alirudishiwa toroli yake. Vijana wakubwa nawaona mpaka leo, na mnunuzi wa chuma amepanua uzio.

Tulikwenda kumtembelea mvua zilipokwisha, safari ya kutwa nzima kwenye basi. Mama alikuwa amekaanga kuku, akamkumbatia njia yote mtu asimguse. Shule ilikuwa safi, imefagiliwa. Mdogo wangu alitoka karakana ya useremala amerefuka, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alinikumbatia. Kwa mama aliinamisha kichwa, akasema shikamoo, akarudi nyuma hatua moja.

Msimamizi alifungua daftari la wageni. "Haya kijana, hawa ni nani wako?"

"Huyu ni dada yangu," akajibu, mkono wake begani kwangu. "Na yule ni mama yake."