Fomu ya Majina Mawili

Siku Shimba alipoleta fomu za mkopo wa nyumba, Paskazia alikuwa jikoni akikaanga dagaa. Aliposikia kwamba benki inataka saini za wote wawili, alizima jiko kwanza, kisha akauliza, kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida, kwa nini mumewe asikope peke yake.

"Mshahara wangu hautoshi, Mama Ng'washi," Shimba akamwambia. "Tukiunganisha na wako, nyumba ya Kisesa tunaipata."

Shimba alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa mpango, asiyependa kushtukizwa. Paskazia alifanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha minofu ya sangara pale Nyakato. Ndoa yao ilikuwa na miaka sita na mtoto mmoja, Ng'washi, na walikuwa wamepanga vyumba viwili ambavyo mvua ikizidi maji huingilia mlango wa nyuma. Nyumba ya Kisesa ilikuwa na vyumba vitatu na kisima. Mwenye nyumba hiyo alikubali kuwasubiri mwezi mmoja.

Kwenye fomu kulikuwa na mstari unaosema mwombaji anairuhusu benki ichunguze kumbukumbu zake zote za mikopo. Shimba aliusoma kwa sauti, akasaini, akamsogezea kalamu. Paskazia naye akasaini. Usiposaini utaulizwa kwa nini, na swali hilo ndilo alilokuwa amelikimbia miaka yote.

Mwaka mmoja kabla hajaolewa, rafiki yake Queen, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja huko Igoma, alitaka mtaji wa kununua mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki vinavyouzwa ghali, kwenye visiwa vya ziwani. Queen hakuwa na ajira. Mkopo ukaandikwa kwa jina la Paskazia, kwa mshahara wa Paskazia, kutoka kampuni ndogo ya mikopo ya pale mjini. Queen alirejesha miezi miwili, akavuka kwenda Ukerewe, na simu yake haikupatikana tena. Paskazia angeweza kwenda kujieleza, akaomba alipe kidogo kidogo. Badala yake alibadili laini ya simu, akaacha kazi aliyokuwa nayo, akahama mtaa. Alipoona hakuna anayemtafuta, alijiaminisha kwamba jambo limekwisha.

Sasa kila simu ya Shimba ilipoita, aliacha alichokuwa akifanya, akasikiliza kama ni benki. Kazini alirudia kipimo kimoja mara tatu kwa kusahau alichokisoma. Shimba akadhani ni malaria, akamnunulia dawa, na huruma hiyo ikamtisha kuliko ambavyo ukali ungemtisha.

Benki ikawaita wote wawili wafike Alhamisi. Jumatano Paskazia aliomba ruhusa kazini akaenda peke yake. Ofisa mikopo alikuwa Ishrat, binti mpole wa familia moja ya wafanyabiashara wa vitambaa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeuzia karatasi. Jina lake lilikuwepo, na mbele yake maneno "mkopo chechefu", yaani mkopo ulioachwa bila kulipwa. Riba ilikuwa imelifanya deni kuwa karibu mara mbili.

Paskazia akamwomba amwambie mumewe kwamba ni mshahara tu uliopungua.

"Siwezi kumsomea taarifa zako bila ruhusa yako, dada," Ishrat akajibu. "Lakini siwezi kumdanganya pia. Kesho nitasema ombi la pamoja limekataliwa, naye ataniuliza sababu. Afadhali aisikie kwako."

Jioni ile Shimba alikuwa Kisesa, akipima madirisha ya nyumba ile. Paskazia alimfuata huko. Alisimama kwenye chumba kitupu, akaanza kusema akiwa bado na mkoba begani, maana alijua akiutua atatafuta neno lingine la kuzungumza. Alisema yote: Queen, kampuni, laini ya simu, na hata safari yake ya benki asubuhi hiyo.

Shimba alikunja futi yake polepole. Alitoka nje, akakaa kwenye ukingo wa kisima. Paskazia aliyaona mabega yake dirishani, akawaza ndugu wa mumewe watasema nini, akawaza mtoto atakaa na nani. Shimba aliporudi hakufoka.

"Ungeniambia lini?"

"Nisingekuambia," Paskazia alisema, na hofu yake ikawa kubwa zaidi kwa sababu ilikuwa kweli.

Alhamisi walienda benki pamoja. Ishrat aliwaeleza kwamba Shimba akikopa peke yake atapata kiasi kisichofika bei ya nyumba ile. La sivyo, deni lilipwe lote, kampuni itoe barua, kumbukumbu zirekebishwe, ndipo waombe tena. Waliipoteza nyumba ya Kisesa. Ikauzwa kwa watu wengine mwezi huohuo.

Shimba alienda na mkewe kwenye ile kampuni. Alikaa kando, akamwacha azungumze mwenyewe. Walikubaliana marejesho ya miezi kumi na nne, yote kutoka mshahara wa Paskazia. Nyumbani mambo hayakurudi haraka. Kwa wiki kadhaa Shimba aliongea naye habari za mtoto tu, na siku moja alimwomba simu aione, kisha akaona aibu akairudisha bila kuifungua.

Mwaka huu, deni likiwa limelipwa lote na barua ya kampuni imetoka, ombi lao limekubaliwa, kwa nyumba ndogo zaidi, huko Misungwi. Siku ya kusaini, Paskazia aliiweka kalamu mezani, akasema wazi kwamba anaogopa. Akamwomba Ishrat asome tena ukurasa unaoeleza benki itafanya nini wakishindwa kulipa, taratibu, neno kwa neno. Shimba alikuwa na kipindi darasani saa nne, na muda ulikuwa umekwenda. Akavuta kiti karibu na mkewe, akasikiliza naye.